Taa za dagaa zinazochajiwa bila waya: kapasita inalia, niitulizeje?

FundiMwaloni (Kirumba, Mwanza)

Wakuu, heshima kwenu. Nina swali la kapasita, na nitaeleza kirefu kidogo ili mwenye ujuzi apate picha kamili.

Natengeneza taa za LED kwa wavuvi wa dagaa. Kazi hii zamani ilikuwa ya karabai, siku hizi ni betri na sola. Ugonjwa mkubwa wa taa hizi ni tundu la chaji. Taa inaelea usiku kucha, inapigwa mawimbi, asubuhi mtu anachomeka chaja tundu likiwa na maji. Maji yakikutana na volti 12 za DC, shaba inaliwa, unabaki ule unga wa kijani, na tundu limekwisha hata kama LED na betri ni nzima. Nimeamua kuiziba taa yote. Haina tundu hata moja. Unaiweka juu ya rafu kwenye banda la kuchajia, koili iliyo chini ya rafu inapitisha umeme kwenye koili ya ndani ya taa, plastiki ikiwa katikati.

Taabu ya mtindo huu ni kwamba taa ikikaa upande kidogo rezonansi, yaani masafa ambayo koili na kapasita zinaitikiana vizuri zaidi, inahama na chaji inashuka. Wanaoweka taa rafuni ni vijana waliotoka ziwani wakiwa hoi, siwezi kuwadai waipange kwa rula. Kwa hiyo upande wa rafu nimeweka kapasita za kauri za tabaka nyingi, zile zinazorekebishika kwa volti: ukizipa DC, thamani yake inapungua. Kidhibiti kinapandisha na kushusha hiyo DC kati ya volti 0 na 60, hatua moja juu, hatua moja chini, kila milisekunde moja, kikitafuta mahali mkondo ulipo mkubwa. Koili ni mikrohenri 24, masafa ni karibu kilohezi 130, na jumla ya kapasita ni kama nanofaradi 62. Taa nayo inatuma taarifa kwa rafu kwa kubadilisha mzigo wake kwa hezi 2,000, kama zifanyavyo chaja za simu za Qi, ule mfumo wa kuchaji simu bila waya.

Chaji inaingia vizuri. Ila inalia. Kuna mlio wa mfululizo, mzito kidogo, halafu juu yake kuna vijisauti vikali vya kukatikakatika kama nyenje. Taa ikikaa upande, mlio mzito unaongezeka. Nimezigusa kapasita moja moja kwa kijiti cha meno na sauti inabadilika, kwa hiyo mwenye makosa namjua. Wavuvi wakisikia wanasema taa inaungua ndani, wanaichomoa rafuni kabla haijajaa, na usiku inawazimikia katikati ya ziwa. Hilo ndilo linaloniumiza.

Wiki hii kuna mbalamwezi, mitumbwi imepumzika, nafasi ya kufungua rafu ninayo. Nipunguzeje mtetemo huu? Na je, unaharibu kitu, au ni kelele tu?

Kijana_Igoma

Mkuu, mimi kwenye inveta na amplifaya huwa namwagia gundi ya moto, kinanyamaza. Jaribu hiyo kwanza, ni rahisi.

MzeeRedio (Pasiansi)

Mwangaluka, fundi. Hiyo kazi ya kuondoa tundu la chaji naiunga mkono kwa moyo wote. Taa za mwaloni zilizokufa kwa kutu ya tundu nimezishika nyingi sana, na kila mara naona uchungu kutupa LED nzima. Tuifikishe mwisho.

Kijana wangu wa Igoma, gundi ya moto inatuliza koili kwa sababu waya za koili huwa zimelegea na zinagongana. Kauri haijalegea. Inatanuka na kusinyaa yenyewe, na gundi ile haina ubavu wa kuizuia. Halafu tuelewane jambo moja: kapasita ni ndogo mno kusukuma hewa hata ukaisikia upande wa pili wa banda. Anayepiga kelele ni bodi. Kapasita imeshikwa na risasi ya kulehemu ncha zote mbili. Ikisinyaa inaivuta bodi, ikitanuka inaisukuma, bodi inapinda na kurudi. Bodi ndiyo spika. Kwa hiyo tuna kazi ya aina mbili, kupunguza msukumo unaoingia kwenye kauri, na kuzuia bodi isipinde.

Tuanze na msukumo. Kauri za aina hii zikipewa umeme zinabadilika umbo, na badiliko linafuata mraba wa volti. Piga hesabu uone. Tuseme hatua ya kidhibiti chako ni volti 4. Ukitoka volti 0 kwenda 4, mraba umeongezeka kwa 16. Ukitoka 40 kwenda 44, ni 1,936 kutoa 1,600, umepata 336. Hatua ni ile ile, msukumo mara 21. Kauri halisi huanza kushiba volti zikipanda, kwa hiyo haifiki mara 21 kamili, lakini mwelekeo ni huo. Taa ikikaa upande, kidhibiti kinakimbilia volti za juu, na ndiyo maana unasikia mlio umepanda.

Sasa huo mlio mzito wenyewe. Milisekunde moja juu, milisekunde moja chini, mzunguko mzima milisekunde mbili. Hiyo ni hezi 500. Simu yoyote yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti itakuthibitishia. Kama ni 500, basi huyo ni kidhibiti chako anatembea mbele na nyuma juu ya kauri, wala si nguvu ya chaji.

Vile vijisauti vya nyenje ni vya mawasiliano. Kilohezi 130 haisikiki, mwisho wa sikio la binadamu ni kilohezi 20. Lakini kwa sababu ya ule mraba, kauri haijali wimbi limeelekea chanya au hasi, inavimba kwa kufuata ukubwa wake tu. Taa yako inapunguza na kuongeza ukubwa wa wimbi kwa hezi 2,000, kauri inafuata. Na bahati mbaya sikio letu ni kali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Umeipa sauti ndogo mahali inaposikika kuliko kote.

Kabla hujagusa bodi, fanya jaribio. Kata njia ya kidhibiti, halafu lisha DC kutoka betri za volti 9, tano mfululizo, upate volti 45 zilizotulia. Mlio mzito ukipotea na nyenje akabaki, tumewatenganisha. Ukiona sauti haibadiliki kabisa kwa DC yoyote ile, rudi uangalie koili na feraiti yake.

Mlio mzito unatibika kwa rezista moja na mistari michache ya programu. Na hapo hapo badilisha mpangilio wa kapasita, kwa sababu mambo haya mawili yanabebana. Ondoa wazo la kufanya nanofaradi 62 zote ziwe za kurekebishika. Weka nanofaradi 47 za plastiki ya polipropilini, za volti 250, hizo hazina tabia hii. Zinazorekebishika ziwe sehemu ndogo tu: mbili za nanofaradi 48, zimefungwa mfululizo, sambamba na ile ya plastiki. Mfululizo zinakupa 24 bila DC, na zikishuka hadi nusu zinakupa 12. Jumla yako itatembea kati ya 71 na 59, na kwa koili ya mikrohenri 24 rezonansi inatoka kama kilohezi 122 hadi 134. Sidhani kama taa inayokaa juu ya rafu inahitaji zaidi ya hapo.

DC iingie pale kapasita mbili zinapokutana, kupitia rezista ya kiloohm 100. Ncha za nje uzipe njia ya DC kwenda hasi, nazo kwa rezista kubwa. Tazama unachopata. Kwa DC, kapasita mbili zinaonekana sambamba, nanofaradi 96, na rezista ya kiloohm 100 inazijaza kwa mwendo wa karibu milisekunde 10. Chochote kilicho juu ya hezi 17 hivi kinaanza kuchujwa, na ile hezi 500 inabaki kama sehemu moja ya 30. Faida ya pili: volti ya AC inagawanyika nusu kwa nusu, na kwa kuwa ni mraba, uvimbe wa kila moja unakuwa robo. Faida ya tatu: DC inasukuma kutoka katikati kwenda nje pande zote mbili, wakati wimbi linapita kwa mwelekeo mmoja. Kwenye moja vinakubaliana, kwenye nyingine vinapingana. Kwa hiyo kwa ule mtetemo wa kilohezi 130 wenyewe, moja ikitanuka nyingine inasinyaa.

Ukiweka rezista hiyo lazima kidhibiti nacho kipunguze haraka, la sivyo kitapima kabla DC haijatulia na kitapotea njia. Hatua moja kila milisekunde 100 inatosha. Tena kikishapata kilele kisimame, kirudi kuangalia baada ya sekunde kadhaa. Taa iko rafuni, haiendi popote.

Fanya hayo, utuletee majibu. Ya bodi tutayaongea nikijua nini kimebaki.

FundiMwaloni

Shikamoo mzee. Nimefanya jaribio la betri za volti 9. Simu ilikuwa inaonyesha mlima mkubwa hezi 500 na mwingine hezi 1,000, nikakata kidhibiti, yote miwili ikapotea pale pale. Nimebaki na nyenje peke yake.

Kapasita za mfululizo nimeziweka kwa vipimo ulivyotoa, na ya plastiki nimeipata kutoka kwenye bodi za majiko ya umeme ya indaksheni yaliyokufa; huko zipo nzuri na za volti za juu. Mlio mzito sasa lazima utege sikio juu ya bodi ndipo uusikie. Nyenje amepungua lakini bado yupo. Bodi yangu ni nyembamba na ndefu, skrubu nne za pembeni, na kapasita zimekaa katikati kabisa. Nikibonyeza katikati kwa kidole, ananyamaza.

BintiNyegezi

Habari zenu kaka zangu, na shikamoo mzee. Nasomea mambo ya kauri, niongeze machache kuhusu kilichomo ndani ya hizo kapasita, kwa sababu yanajibu swali la fundi kuhusu madhara.

Kapasita za kawaida za kauri, zile za X7R, zimejengwa kwa titaneti ya bariamu. Hiyo, chini ya nyuzi joto kama 120 za Selsiasi, ina mgawanyiko wa umeme wake yenyewe hata bila volti, kwa hiyo tabia ya piezo, yaani kubadilika umbo kwa kufuata umeme, inazaliwa nayo. Za kurekebishika mara nyingi zinachanganywa strontiamu. Strontiamu inashusha ile nyuzi 120. Ukifika karibu asilimia 30 inakuwa jirani na joto la kawaida la chumba, na juu ya hapo kauri inaacha kushikilia mgawanyiko wake. Ndiyo maana bila DC inakuwa pole, na ukiipa DC inageuka kuwa kama piezo. DC inayokupa marekebisho ndiyo hiyo hiyo inayokupa mtetemo, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine. Unachoweza ni kupanga mitetemo ipingane, kama mzee alivyopanga pale katikati. Kuna kapasita zinazojengwa hivyo kiwandani, tabaka za jirani zikipewa DC kwa namna ya kupingana na wimbi, hivyo tabaka moja ikitanuka ya jirani inasinyaa na unene wa kipande kizima haubadiliki.

Kuhusu hatari ya rezonansi ya kauri yenyewe, fundi usiwe na wasiwasi. Sauti inapita ndani ya kauri hizi kwa mita kama 5,500 kwa sekunde. Kipande cha urefu wa milimita 3.2 kinaitikia karibu kilohezi 860. Ili kiitikie kilohezi 130 kingehitaji urefu wa sentimita mbili. Wanaoteseka ni watu wa redio na visoma kadi: unene wa milimita 0.2 unaangukia karibu megahezi 14, na kadi za kugusa zinatumia 13.56. Hapo kapasita inakula nguvu ya mawimbi kimyakimya, hakuna anayesikia kitu, ila usomaji umedhoofika.

Kwa hiyo kwako kelele yenyewe haivunji kauri. Kinachozivunja mara nyingi ni bodi kupindishwa, hasa wakati wa kukaza skrubu au kukata bodi. Ufa mmoja unaweza kuunganisha tabaka, na hapo una shoti. Weka fyuzi.

MzeeRedio

Marahaba wote wawili. Ahsante binti, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza, na jambo la ufa ni zito, nalirudia chini.

Fundi, kidole chako kimeshakujibu. Katikati ya bodi ndefu ndipo inapopinda zaidi, na kapasita umezikalisha hapo hapo. Zitoe. Ziweke moja upande wa juu wa bodi, nyingine upande wa chini, mgongo kwa mgongo, sawasawa kabisa kana kwamba ni kapasita moja imetobolea bodi. Sauti inayokusumbua sasa inatokana na mraba, na mraba hauna chanya wala hasi, kwa hiyo zote mbili zinavimba pamoja na kunywea pamoja. Ya juu ikivuta bodi ipinde huku, ya chini inaivuta ipinde kule, kwa nguvu sawa. Bodi inabaki imenyooka.

Hapa nataka msomaji mwingine wa redio asinielewe vibaya. Kama tatizo lako ni wimbi lenyewe, kama visoma kadi alivyovitaja binti, usizitenganishe juu na chini. Kwa wimbi lenyewe moja inatanuka nyingine ikisinyaa, na ukiziweka pande mbili za bodi zitasaidiana kuipinda badala ya kupingana. Huko zikae upande mmoja, zimegusana ubavu. Kwa fundi wa taa tunachotibu ni kinachosikika, na kinachosikika ni cha pamoja, kwa hiyo juu na chini.

Kuhusu mahali: sogea karibu na skrubu, maana hapo bodi imeshikwa na haitikisiki sana. Lakini hapo hapo ndipo bodi inapopindishwa ukikaza, na ndipo ufa wa binti unapozaliwa. Acha nafasi ya sentimita moja na zaidi, na kapasita ilale sambamba na ukingo wa bodi ulio karibu nayo, isiuelekezee ncha. Skrubu kaza kidogo kidogo kwa kupokezana, usimalize moja ndipo uende nyingine. Risasi weka ya kutosha kushika tu. Mlima wa risasi hadi juu ya kapasita unaikaza zaidi kwenye bodi na kupitisha mtetemo wote. Ukizipata zile zenye vijiguu vya chuma, ambazo zinaning'inia kidogo juu ya bodi, chukua hata kama bei imezidi.

Skrubu ya tano katikati ya bodi pia itasaidia, kama koili haiko hapo. Chuma karibu na koili ni hasara, tumia ya plastiki.

Na hiyo hezi 2,000, je, rafu yako inachaji taa zako tu, au na simu za watu?

FundiMwaloni

Taa tu mzee, na programu ya pande zote mbili ni yangu. Simu zina soketi zao pembeni.

MzeeRedio

Basi hulazimiki kufuata mwendo wa Qi. Ongeza mwendo wa mawasiliano uvuke kilohezi 20, kwa mfano 21 au 22. Bado ni mizunguko kama sita ya wimbi lako kwa kila mpigo, kipokezi kitasoma ukichuja vizuri. Angalia tu taarifa zisiwe vifurushi vifupi vinavyokuja kwa mpangilio wa haraka, kwa sababu kuwaka na kuzima kwa kifurushi nako ni sauti. Tuma kwa nafasi, na uanze kila kifurushi kwa kupandisha mzigo polepole badala ya kuuangusha ghafla.

Jambo la mwisho kabla hujaziba. Umesema taa haina tundu, maana yake ndani utamwaga rezini, ile gundi ya maji inayoganda na kuziba. Rezini ngumu ya epoksi itabeba mtetemo wa bodi na kuufikisha kwenye plastiki ya taa, na plastiki ile ni kubwa kuliko bodi mara nyingi. Taa iliyokuwa kimya mezani itaanza kulia ukishaimwagia. Zunguka kapasita za kauri kwa silikoni laini kwanza, iache ikauke, ndipo umwage epoksi kwingine. Na silikoni isiwe ile yenye harufu ya siki wanayopakia vioo vya madirisha, inakula shaba na utakuwa umerudisha kutu uliyoikimbia. Tafuta isiyo na harufu hiyo, maduka ya vifaa vya aluminiamu huwa nayo.

Huko huko ndani ya taa kuna kapasita za rezonansi. Hizo hazihitaji kurekebishika, weka kauri za C0G, ambazo hazina tabia hii ya kuvimba, au plastiki, usikubali X7R hata ukipewa bure. Nitumie picha ya bodi zote mbili, juu na chini, kabla hujamwaga chochote.